Umepata CDL (leseni ya kuendesha malori) Marekani na unataka kubeba flatibedi? Uliza kwanza nani atakufundisha kufunga mzigo

#1 Mfunga Turubai (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu nilipochangia kwenye uzi wa mwenzetu mmoja nikasema naendesha flatibedi huku Marekani, ujumbe wa faragha haukauki. Karibu wote wanauliza jambo moja: kampuni gani inamlipa vizuri dereva mpya? Nikilijibu swali hilo kama lilivyoulizwa nitawapoteza vijana, kwa hiyo nimeona nifungue uzi tuongee kwa nafasi.

Kwa wasioijua kazi hii, flatibedi ni tela bapa, halina bodi wala paa. Chochote kisichoingia kwenye boksi (tela lililofungwa pande zote) kinakuja huku: koili za chuma (bati zito lililoviringishwa), mabomba, nondo, mbao, jipsamu, mashine. Tuliokulia kando ya barabara ya Dar hadi Tunduma tunaifahamu, maana shaba ya Zambia na Kongo inashuka hivyo hivyo juu ya semi ya wazi. Mimi nilimaliza kidato cha nne Makambako, nikawa tandiboi wa mjomba wangu miaka miwili. Nilijua kukunja turubai, kukaza kamba na kulala chini ya tela nikilinda mzigo. Nilipopata CDL huku nikajiona mtaalamu tayari.

Nilichokuta ni kwamba tandiboi hayupo. Dereva ni wewe na utingo ni wewe. Turubai moja la kufunikia mbao linaweza kufika kilo 50, na mzigo mmoja unaweza kuhitaji mawili au matatu. Unayatandaza mwenyewe kwenye upepo, unashuka, unazunguka tela lote ukivuta mipira ya kufungia turubai na kuinasa mmoja mmoja. Halafu ndiyo unaanza kuendesha.

Na shule ya CDL haikufundishi hayo. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba CDL kwa mara ya kwanza lazima apitie mafunzo ya shule iliyosajiliwa na FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia malori. Ni jambo jema. Lakini shule nyingi zinafundishia tela la boksi: kukagua lori, kurudi nyuma, kuingia barabarani. Habari za minyororo unazisoma darasani na kujibu maswali. Unatoka pale na leseni halali kabisa ya kuvuta koili ya tani 20, na mkono wako haujawahi kukaza binda hata moja. (Binda ni kile chuma cha kukazia mnyororo.)

Sasa niwaambie yaliyonipata. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa mtu mwenye malori manne. Simtaji, na sijaja hapa kumsema. Alinipa funguo Jumatatu asubuhi, akanionyesha sanduku la mikanda, akanitumia anwani kwenye simu. Nikapakia mabomba ya chuma Indiana, yanakwenda Georgia. Nikarusha mikanda minne, nikavuta winchi mpaka mkono ukauma, nikaona nimemaliza.

Kanuni za hapa zinamtaka dereva akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza. Baada ya hapo anakagua kila anapobadili hali ya kazi kwenye logi (rekodi ya saa zake za kazi), au kila saa 3, au kila maili 150, lolote litakalotangulia. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Nilikwenda moja kwa moja hadi Tennessee.

Kwenye I-24, kati ya Nashville na Chattanooga, kuna mlima unaitwa Monteagle. Anayekijua Kitonga kule Iringa hahitaji maelezo. Nilisimama juu kwenye kituo cha malori kwa sababu ya haja ndogo tu. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja Mmarekani mwenye flatibedi. Alipita kando ya tela langu, akashika mkanda kwa vidole viwili, ukacheza. Akashika wa pili, ukacheza vilevile. Mabomba yalikuwa yametikisika njia nzima, yakajipanga upya, rundo likashuka, na mikanda miwili kati ya minne ilikuwa haishiki kitu. Na mimi nilikuwa naelekea kwenye mteremko.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: nani alikufundisha?

Nikakosa jibu. Nikampigia bosi, akasema kaza uendelee, mteja anasubiri asubuhi. Yule mzee akatoa mikanda minne kwenye sanduku lake mwenyewe, tukakaa pale karibu saa nzima. Alinieleza kwamba lori likipiga breki kali, mzigo unataka kwenda mbele kwa nguvu, na kanuni inadai ufungaji uhimili mbele nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na pembeni asilimia 50. Mabomba yakiponyoka yanakuja kwenye kichwa cha lori, na humo uko wewe. Akanifundisha hesabu ambayo naifanya hadi leo. Nusu ya uzito wa mzigo lazima ibebwe na jumla ya uwezo wa vifungio. Mzigo wa paundi 44,000, nusu yake 22,000. Mkanda wa inchi 4 uwezo wake paundi 5,400. Gawanya, unapata minne na kidogo, kwa hiyo ni mitano. Halafu unapiga hesabu ya urefu: mzigo usiozuiwa na ukuta wa mbele unataka vifungio viwili kwa futi 10 za kwanza, na kimoja kwa kila futi 10 zinazofuata au sehemu yake. Futi 40 ni vitano. Inayotoa idadi kubwa ndiyo unayoifuata, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Mimi nilikuwa na minne. Mzee alinifungia minane.

Nilishusha Georgia salama, na wiki ile ile nikaanza kutafuta kampuni nyingine. Safari hii sikuulizia senti za maili. Kila afisa wa ajira aliyepokea simu nilimuuliza swali la yule mzee: nani atanifundisha?

Nawaomba muulize hivyo hivyo, kisha msikilize kwa makini jibu linavyokuja. Kampuni inayoijua kazi hii haibabaiki. Itakwambia ina uwanja wenye matela ya mazoezi na koili halisi, mabomba halisi, mbao halisi, na utafunga na kufungua hapo kwa siku kadhaa kabla hujaona barabara. Itakwambia utakaa na mkufunzi wiki ngapi. Hapo usinyamaze, endelea kuchimba. Mkufunzi mwenyewe amebeba flatibedi miaka mingapi? Zipo kampuni zinazompa ukufunzi mtu mwenye miezi sita. Je, mkufunzi anakaa kiti cha pembeni, au lori linakwenda saa 24, wewe ukiwa kiwandani unafunga yeye yuko kitandani amelala? Kama analala, hayo si mafunzo. Umekuwa dereva wa nusu bei.

Uliza pia nani atapokea simu saa nane usiku ukiwa kiwandani na mzigo ambao hujawahi kuuona. Kampuni yangu ya pili ilinitaka, kwa miezi mitatu ya kwanza, kupiga picha kila mzigo pande zote nne na kumtumia mtu wa usalama kabla sijatoka getini. Mwanzoni niliona kero. Siku moja wakanirudisha ndani niongeze mnyororo kwenye koili. Siku hiyo ndiyo nilijua nimefika.

Swali la tatu: nikisema siendi, kitatokea nini? Barabara ya I-80 kule Wyoming upepo wake unaangusha malori, na tela tupu au lenye mzigo mwepesi uliofunikwa turubai linashika upepo kama tanga la jahazi. Mwambie afisa wa ajira: upepo ukizidi nikasimama, dispacha wangu (anayenipangia mizigo) atasema nini? Kama anajibu kwa kuzungukazunguka, una jibu.

Majina mtayasikia mengi. Katika kampuni kubwa za flatibedi zinazojulikana kupokea wapya wapo TMC wa Des Moines, Iowa. Maverick wa North Little Rock, Arkansas. Melton wa Tulsa, Oklahoma. Roehl wa Marshfield, Wisconsin. Na Prime wa Springfield, Missouri, wenye kitengo cha flatibedi. Sisemi nendeni huko. Nasema anzeni kupiga simu huko ili mjue jibu kamili linafananaje, kisha mlinganishe na wengine.

Na kabla ya kusaini, ingia kwenye tovuti ya SAFER ya FMCSA, andika namba ya USDOT ya kampuni, yaani namba yake ya usajili. Ni bure. Utaona ina malori mangapi, ajali za miezi 24 iliyopita, na asilimia ya ukaguzi ulioishia lori au dereva kusimamishwa, ikiwekwa sambamba na wastani wa taifa. Kampuni ambayo malori yake yanasimamishwa kuliko wastani inakuambia hali ya breki utakazoteremkia nazo Monteagle.

Karibuni kwa maswali.

#2 Kijana wa Tegeta

Mkuu, ubarikiwe. Niko Dallas, CDL nina miezi miwili. Kampuni mbili zimeniita, zote zina mafunzo ya uwanjani, nimeshauliza. Moja inatoa senti 60 kwa maili, nyingine asilimia 27 ya mzigo. Nichukue ipi? Asilimia sijaizoea, naogopa kudhulumiwa.

#3 Mfunga Turubai

Kijana, umefanya vizuri kuuliza mafunzo kwanza. Tupige hesabu, namba ni za mfano tu.

Mzigo wa maili 900 unaolipwa dola 2,000: kwa senti 60 unapata dola 540, na asilimia 27 ya 2,000 ni 540 vilevile. Hapo hakuna tofauti. Sasa chukua koili ya maili 400 inayolipwa dola 1,600. Senti zinakupa 240, asilimia inakupa 432. Lakini mzigo wa kurudi, maili 1,400 kwa dola 2,200: senti zinakupa 840, asilimia 594. Umeona? Asilimia inampendelea anayekimbia safari fupi zenye mizigo mizito ya bei nzuri. Senti zinampendelea wa safari ndefu. Kwa hiyo muulize kila mmoja: safari zenu kwa wastani ni maili ngapi? Na yule wa asilimia umuulize asilimia 27 ya nini hasa. Ya bei kamili aliyolipa mteja, au ya kinachobaki baada ya dalali kukatwa? Fedha ya nyongeza ya mafuta imo au haimo? Uoneshwe karatasi ya bei ya kila mzigo. Asiyetaka kukuonesha, mwache.

Jambo ambalo wapya hawaligundui mapema ni saa. Ukianza kazi una saa 14 mpaka ufunge siku, na ndani yake unaruhusiwa kuendesha saa 11 tu, kisha mapumziko ya saa 10. Zile saa 14 hazisimami kwa sababu unafunga turubai. Kiwanda kikikuweka foleni saa 4 na turubai likakula saa 2, zimebaki saa 8 za siku yako. Dereva wa boksi mwenye senti pungufu huenda akakupita mapato kwa sababu yeye anafunga milango miwili na kuondoka. Ndiyo maana flatibedi nzuri ina malipo ya turubai, na malipo ya kusubiri yanayoanza baada ya saa fulani. Yaandikwe kwenye mkataba. Ya mdomoni hayalipwi.

Uliza pia vifaa ni vya nani. Minyororo, binda, mikanda, kinga za kona, magogo ya kulazia mzigo. Zipo kampuni zinazokata mshahara kila mkanda unaochanika. Matokeo yake dereva anafungia mkanda uliochanika kwa kuogopa kukatwa, na hapo umeshaingia kwenye hatari na faini.

#4 Wa Kisauni

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, mwenyeji wa Mombasa, naishi Minnesota, na flatibedi nimeiendesha mwaka wa nne sasa. Nachangia kwa ajili ya kina dada wanaosoma kimya kimya, maana nilipoanza kila mtu aliniambia turubai litanishinda.

Halikunishinda. Nguvu ni kitu kimoja na ufundi ni kingine. Turubai likikunjwa vizuri linajifungua lenyewe, na forklifti ya kiwandani inalipandisha juu ukimwomba mwendeshaji kwa adabu. Ninachokiogopa mimi ni kuanguka. Unatembea juu ya mzigo wenye barafu, futi 10 au zaidi kutoka chini, turubai limefunika mianya usiione. Rafiki yangu alikanyaga mwanya kati ya marundo mawili ya mbao akavunjika nyonga. Kwa hiyo ukiwa unachagua kampuni, waulize: mnatoa ngazi? Wateja wenu wana vituo vya kufunikia, vile vyenye kamba za usalama juu? Mna matela ya Conestoga? Hayo yana turubai la kutelezesha juu ya fremu, unavuta kama pazia. Kampuni iliyonunua hayo imewafikiria madereva wake.

Waulize na siku za nyumbani kwa lugha ya kalenda. Usikubali neno "mara kwa mara". Mimi nina watoto wawili. Nilichagua kampuni ya mizigo ya chuma ya mikoa ya karibu, naondoka Jumatatu alfajiri, Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi niko jikoni kwangu. Nililipwa kidogo kuliko wenzangu wa safari ndefu mwaka wa kwanza na sijajuta hata siku moja.

#5 Mfunga Turubai

Dada, asante sana. Hilo la kalenda nilisahau kabisa, na ndilo linalowavunja wengi kabla hata mzigo haujawavunja.

#6 Mkongwe wa Semi

Salaam. Mimi nitapingana na mleta uzi, nadhani ataniwia radhi. Nina miaka 17 barabarani huku. Ushauri wangu kwa mpya ni huu: asianze na flatibedi hata kidogo. Aende boksi mwaka mmoja kwanza. Ajifunze theluji, ajifunze kurudi nyuma usiku, ajifunze logi na mizani na miji. Mtu mpya ana mambo ishirini kichwani, nyinyi mnamwongezea la ishirini na moja ambalo linaua watu wengine barabarani. Nimeona koili imelala katikati ya barabara. Sitaki kuona tena.

#7 Mfunga Turubai

Shikamoo mkongwe. Umeongea jambo zito, na kwa kijana anayekwenda kampuni ya malori manne kama niliyoanzia mimi, nakuunga mkono asilimia mia: nenda boksi.

Ila nimefanya kazi na wapya walioanzia moja kwa moja flatibedi kwenye kampuni inayofundisha, na nimeona jambo moja. Wanakagua. Kila wakisimama wanazunguka tela, wanagusa kila mkanda, wanapiga tairi. Mikono imezoea hivyo tangu siku ya kwanza. Aliyekaa boksi mwaka mzima anakuja na tabia ya kufunga milango na kusahau kilichomo ndani, na kuivunja tabia hiyo ni kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa na mazoea ya tandiboi, nilidhani najua. Nyumbani tumezoea lori la tani 56, huku ukomo wa kawaida kwenye barabara kuu ni paundi 80,000, tani 36 na ushee, ukijumlisha lori, tela na mzigo. Kwa hiyo nilijiona nabeba mzigo mwepesi. Mazoea yangu yalinidanganya zaidi ya ugeni.

Kwenye koili tuko pamoja kabisa. Mpya asibebe koili mwezi wa kwanza. Kuna koili inayowekwa jicho (tundu lake la katikati) likitazama juu, ipo ya jicho kutazama mbele, na ipo ya jicho kutazama pembeni, na kila moja ina mpangilio wake wa minyororo na vibao vya kuizuia. Kampuni itakayokupa koili wiki yako ya kwanza peke yako, shuka kwenye lori. Lakini lirudishe uwanjani kwao. Usiliache njiani, maana kutelekeza lori kunaandikwa kwenye rekodi ya ajira yako na kila kampuni itakayokuajiri baadaye itaisoma.

#8 Mkongwe wa Semi

Marahaba. Hapo kwenye kukagua umenishika. Kwa sharti la koili, nakubali.

#9 Mgeni Louisville

Wakubwa, mimi ni Mkongomani, niko Kentucky. Kaka mmoja wa jamii yetu ana malori sita ya flatibedi. Anasema nitalipwa asilimia 30, kwa 1099, naanza kesho, hakuna mambo ya mafunzo marefu. Na baada ya miezi sita ataniachia lori nilipe polepole hadi liwe langu. Ni ndugu yetu, tunasali pamoja. Nikatae vipi?

#10 Mfunga Turubai

Ndugu yangu, nimekaa na ujumbe wako muda mrefu kabla ya kujibu, kwa sababu mtu wa malori manne niliyemtaja juu naye alikuwa mtu wa nyumbani, na nilimpenda.

Tuanze na 1099. Fomu hiyo maana yake wewe ni mkandarasi, si mwajiriwa. Mwajiriwa wa W-2, kodi ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee) anakatwa asilimia 7.65 na mwajiri anaongeza 7.65 nyingine. Mkandarasi analipa zote mbili mwenyewe, asilimia 15.3 ya faida, juu ya kodi ya mapato. Kwa hiyo ile asilimia 30 si kubwa kama inavyosikika. Zaidi ya hapo, mkandarasi kwa kawaida hana bima ya kuumia kazini. Soma tena alichoandika dada wa Kisauni kuhusu nyonga. Ukianguka juu ya mzigo wa kaka yako, hospitali utalipa wewe. Na kama lori ni lake, ratiba ni yake na mizigo anachagua yeye, basi wewe ni mfanyakazi wake, na kukuita mkandarasi hakubadilishi hilo.

Hilo la kukuachia lori ulilipe polepole ndilo linanitisha zaidi. Mikataba hiyo iko mingi hata kwenye kampuni kubwa. Unalipa kila wiki, kazi iwepo isiwepo, matengenezo ni yako, bima ni yako, na anayegawa mizigo ni yule yule unayemlipa. Ukikosa wiki tatu anachukua lori na kila ulicholipa. Januari 2025, kikosi kazi kilichoundwa chini ya FMCSA kuichunguza mikataba hiyo kilipendekeza Bunge la Marekani liipige marufuku. Madereva wanaoikamilisha ni wachache. Mpya asiiguse.

Unakataaje? Mwambie ukweli kwa heshima: kaka, napenda kufanya kazi na wewe, lakini niache nikajifunze mwaka mmoja kwenye kampuni yenye uwanja wa mafunzo, nikirudi nitakuletea ujuzi. Kama anakutakia mema atafurahi, kwa sababu hata bima ya malori yake huwa nafuu kwa dereva mwenye uzoefu. Na kosa la kufunga mzigo likionekana kwenye ukaguzi linabaki kwenye rekodi yako ya PSP, ile ya ukaguzi na ajali ambayo waajiri wanaisoma, miaka 3, ajali miaka 5. Yeye atafungua kampuni nyingine kwa jina jingine. Wewe jina lako ni lile lile.

#11 Mgeni Louisville

Aksanti sana mukubwa wangu. Nitaongea naye Jumapili. Swali la mwisho: Kiingereza changu kinakwenda polepole. Nasikia siku hizi polisi wanasimamisha.

#12 Wa Kisauni

Ni kweli, kaka. Kanuni ilikuwepo miaka mingi, kwamba dereva aweze kuongea na umma, kuelewa alama za barabarani, kujibu maafisa na kujaza ripoti kwa Kiingereza. Tangu tarehe 25 Juni 2025, afisa akikuona huwezi anakuweka nje ya kazi papo hapo, lori linabaki pale. Usiogope, jifunze. Mimi ningejizoeza maswali ya kituo cha ukaguzi kwa sauti kila siku: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, logi yako iko wapi. Na kwa flatibedi zaidi ya wengine, maana utaongea na wapakiaji. Mpakiaji akikuuliza koili ikae wapi na wewe ukatikisa kichwa bila kuelewa, ataiweka anapopenda yeye na uzito utakaa vibaya kwenye ekseli.

Hilo nalo uiulize kampuni: mkufunzi wangu atakuwa na subira na lugha yangu? Mimi nilipata mama mmoja wa Arkansas aliyerudia kila neno mara tatu. Bado tunapigiana simu Krismasi.

#13 Kijana wa Tegeta

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Ile ya asilimia 27 waligoma kunionesha karatasi ya bei. Ya senti 60 wamenijibu yote kwa maandishi: siku 8 uwanjani, wiki 5 na mkufunzi asiyelala ninapofunga, turubai linalipwa, hakuna koili siku 30 za kwanza. SAFER yao nimeiona, asilimia yao ya kusimamishwa iko chini ya wastani kwa malori na kwa madereva. Naripoti Jumatatu. Nibebe nini?

#14 Mfunga Turubai

Safi sana mdogo wangu.

Buti zenye soli inayoshika na zinazofunika kifundo cha mguu. Glovu jozi tatu, moja ya ngozi kwa minyororo, nyingine nyepesi kwa mikanda, ya tatu kavu ya akiba. Kofia ngumu, miwani ya kinga na koti la kuakisi kama hawatakupa, maana viwanda vingi vya chuma hawakufungulii geti bila hivyo. Taa ya kuvaa kichwani, nunua nzuri, kwa sababu turubai lako la kwanza huenda ukalifunga gizani na mikono yote miwili itakuwa na kazi. Daftari dogo: kila mzigo mpya mkufunzi anaokuonesha, chora ulivyofungwa, andika uzito na idadi ya vifungio.

Mkienda kusini kwa I-24, mwombe msimame juu ya Monteagle. Shuka, gusa kila mkanda, ndipo mteremke.